Gaggia Classic jikoni Mbale: uzoefu wangu wa miaka miwili

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbale, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikijitengenezea espreso (kahawa nzito inayokamuliwa kwa maji moto yenye mgandamizo) kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, kwa mashine ya Gaggia Classic niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ninamwandikia mtu anayetafuta mashine yake ya kwanza ya nyumbani akiwa Uganda, kwa sababu ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, vipuri huwafikia mlangoni baada ya siku mbili, na kahawa ndiyo inayotoka mbali. Kwetu ni kinyume. Kahawa iko pale mlimani, na Elgon ninaiona nikifungua dirisha la jikoni. Kinachotoka mbali ni mashine, na ikiharibika hakuna wa kumpelekea isipokuwa fundi wa mtaani.

Kabla ya Gaggia nilikuwa na mashine nyingine ambayo sitaitaja jina. Niliinunua mpya dukani Kampala, na kilichonivutia ni maandishi ya "15 bar" yaliyochapwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nilidhani 15 ni bora kuliko 9, kama vile alama za mtihani. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba espreso hutengenezwa kwa mgandamizo wa baa 9 hivi (baa hapa ni kipimo, si mahali pa kunywea), na kwamba pampu ndogo za mashine za nyumbani nyingi zinaweza kufika 15 bila kahawa kunufaika kwa lolote. Kichujio chake kilikuwa cha kuta mbili, chenye tundu moja dogo upande wa chini, ambalo kazi yake ni kulazimisha povu litoke hata kahawa ikiwa imesagwa vibaya au ni ya mwaka jana. Povu lilitoka, naam, jeupe na lenye mapovu makubwa kama ya sabuni, na chini yake palikuwa na maji ya kahawa yasiyo na uzito wowote mdomoni.

Mashine hiyo iliishi miezi saba. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu mno, na asubuhi taa zake zote zilikuwa zimezimika. Muuzaji alinieleza kwamba dhamana haihusu matatizo ya umeme. Fundi ninayempelekea redio na pasi aliizungusha mezani mara tatu akitafuta pa kuingiza bisibisi, akaipasua kwa kisu pembeni, akakuta bodi imeungua. "Mwalimu," aliniambia, "hii aliyeiunda hakutaka ifunguliwe. Tafuta ambayo aliyeiunda alijua kwamba siku moja itaharibika." Tangu siku hiyo sikuuliza tena mashine ina baa ngapi, nilianza kuuliza ina skrubu ngapi.

Nilifikiria pia njia zisizohitaji umeme. Birika la moka, ambalo Bialetti imekuwa ikilitengeneza tangu 1933, linakubali jiko la gesi na hata sigiri, nami bado ninalo kwa ajili ya siku za giza. Lakini mgandamizo wake ni baa moja au mbili tu, na kinachotoka ni kahawa nzito nzuri ambayo si espreso. Mwalimu mwenzangu aliniazima kwa wiki moja mashine yake ya Flair, ambayo mtu huisukuma mwenyewe kwa wenzo akitumia maji ya birika. Hapo ndipo mlima uliponifundisha jambo. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, wala si 100. Espreso inataka maji ya kati ya nyuzi 90 na 96, kwa hiyo maji yanayochemka Mbale yanaanzia kwenye ukomo wa juu, na chuma baridi kikiyanyang'anya nyuzi saba au nane yanashuka chini ya kiwango, kahawa ikatoka chachu. Dawa yake ni kuchemsha silinda ya chuma kwanza, kila kikombe, jambo ambalo mtu mvumilivu atalifanya kwa furaha. Mimi saa kumi na mbili asubuhi si mvumilivu. Mashine yenye boila iliyofungwa, yaani tangi la kuchemshia maji, haina taabu hiyo, kwa kuwa ndani yake maji yako chini ya mgandamizo na yanaweza kupita joto la kuchemka la hapa bila shida.

Gaggia niliipata kwa mfanyakazi wa shirika moja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya na kuuza vyombo vya nyumba. Alitaka shilingi milioni moja na laki mbili, tukakubaliana 950,000. Kampuni hiyo imebeba jina la Achille Gaggia wa Milan, ambaye mashine zake za wenzo na springi, baada ya Vita Kuu ya Pili, ndizo zilizofanya watu wazoee kuona krema, lile povu la rangi ya dhahabu, juu ya kikombe. Classic yenyewe ilianza kuuzwa 1991, na ingawa imebadilishwabadilishwa tangu hapo, umbo lake la ndani ni lile lile: boila moja, pampu moja, thamostati (vidhibiti joto) mbili na swichi tatu. Mpini wake, yaani kishikio chenye kikombe cha kuwekea kichujio cha kahawa, una kipenyo cha milimita 58, sawa na mashine nyingi za mikahawani, kwa hiyo vichujio na vishindilio vya kampuni mbalimbali huingia bila matatizo. Yangu ina pia vali inayoachilia mgandamizo mara tu unapozima pampu, na mabaki ya kahawa hutoka yakiwa kipande kikavu kinachoanguka kwa kipigo kimoja badala ya kuwa tope.

Niliipeleka kwa fundi kabla ya kuitumia, kwanza ili abadilishe plagi ya Ulaya aweke yetu ya pini tatu, na pili ili aione. Alifungua skrubu za mfuniko, akachungulia nyaya na boila, kisha akacheka. "Lakini mwalimu, hii ni pasi iliyofungiwa pampu." Sijasikia sifa kubwa zaidi ya hiyo. Ndani hamkuwa na bodi ya kompyuta, bali waya unaopasha joto na thamostati za aina anayoijua tangu ujana wake. Baadaye nilimletea springi ya vali ya mgandamizo iliyobebwa na shemeji yangu kutoka Uingereza, akaiweka kwa dakika ishirini ili mgandamizo ushuke hadi baa 9. Matoleo mapya ya Classic, yale ya Evo, hutoka kiwandani yakiwa tayari yamewekwa hivyo.

Sasa nije kwenye kosa ambalo karibu linifanye niiuze. Wiki ya kwanza nilisaga kahawa kwa kile kikombe cha blenda, nikaishindilia, nikabonyeza swichi, na kahawa ikafyatuka ndani ya sekunde kumi na mbili, rangi ya chai ya rangi, chachu kupita kiasi. Nikasaga zaidi, na mara hii hapakutoka kitu, pampu ikaguna tu. Kisu cha blenda hakisagi, hukatakata, na kinakuachia vumbi na vipande vikubwa pamoja. Maji hupita penye vipande na kukwama penye vumbi. Kichujio kile cha kuta mbili cha mashine ya kwanza kilikuwa kikinificha jambo hili, lakini kichujio cha kawaida hakimfichi mtu. Ilinibidi ninunue kisagio cha mkono chenye meno ya chuma, kilichotengenezwa China, kwa 480,000, na mama watoto aliponiuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa sikuwa na jibu la haraka.

Jibu lilikuja Jumamosi iliyofuata. Nilipima gramu 18, nikasaga kwa muda wa dakika moja hivi, nikasawazisha, nikashindilia, nikaweka kikombe juu ya mizani. Sekunde saba za mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha matone mawili meusi, halafu nyuzi mbili nyembamba zilizoungana na kuwa moja, zikishuka taratibu kama mafuta ya simsim yanavyomiminwa kutoka chupani, rangi ikitoka kwenye kahawia ya udongo wetu na kwenda kwenye manjano. Sekunde ya 28 mizani ilisoma gramu 36 nami nikazima. Kwa hiyo ukiwa na milioni moja na nusu, usiimalizie yote kwenye mashine. Tenga theluthi ya fedha hizo kwa kisagio, hata kama itakubidi uchukue mashine ya kiwango cha chini, kwa sababu mashine nzuri haiwezi kuokoa kahawa iliyokatwakatwa. Kisagio cha mkono kina faida nyingine kwetu: hakiulizi kama umeme upo.

Kahawa yenyewe ni Arabika ya Bugisu kutoka upande wa Sipi, iliyokaangwa hapa mjini, na huiacha ipumzike siku kumi hivi baada ya kukaangwa, kwa kuwa ikiwa imetoka kukaangwa tu hewa iliyomo husumbua maji na ikizeeka krema hutoweka. Tarehe ya kukaangwa ndiyo ninayoitafuta kwenye pakiti, na pakiti isiyo nayo nairudisha rafuni. Mama mkwe wangu wa Masaka, ambaye tangu utotoni amezoea kumkaribisha mgeni kwa emmwanyi, yaani buni, za kutafuna, aliniambia kwamba kahawa yangu ina harufu lakini haina nguvu, na safari iliyofuata akaniletea kilo mbili za Robusta ya shambani kwake. Alikuwa na haki. Nikichanganya sehemu moja ya Robusta kwa sehemu nne za Bugisu, krema huwa nene na kudumu, kikombe kinapata uzito, na kafeini inaongezeka, maana Robusta ina karibu maradufu ya ile ya Arabika. Watu wa nje huidharau Robusta, lakini mmea huo bado unaota wenyewe katika msitu wa Kibale, nami sioni sababu ya kuuonea haya.

Kuhusu umeme, nilinunua stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, kwa 180,000 kabla sijaiwasha mashine hata mara moja, na bado ninaichomoa plagi usiku. Taa ya mashine huonyesha kwamba iko tayari baada ya dakika chache, lakini usiiamini. Chuma cha mbele, kile mpini unapofungwa, kinahitaji dakika kumi na tano hadi ishirini kiwe moto, huku mpini ukiwa umefungwa mahali pake. Niliifuatilia mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, kwa wiki nzima nikiandika namba, na kwa vikombe viwili sijawahi kufikisha nusu uniti kwa asubuhi moja. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani iache, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu ni ya volti 120 na huku kwetu ni 240, na transfoma inayoweza kuibeba ni nzito na ghali.

Maji hayana maneno mengi. Tazama ndani ya birika lako la kuchemshia: likiwa na ukoko mweupe, boila nayo itaupata, na visima vingi vya pampu hutoa maji ya namna hiyo. Mimi hutumia maji ya bomba yaliyochujwa na kuisafisha boila kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kila baada ya miezi mitatu.

Mapungufu yake si ya kuficha. Boila ni ndogo, na joto lake hupanda na kushuka kadiri thamostati inavyowaka na kuzima, hivyo kikombe cha pili kinaweza kuwa tofauti na cha kwanza usipojifunza kumwaga maji kidogo na kungoja taa. Anayependa maziwa atatoa kahawa kwanza, abonyeze swichi ya mvuke, asubiri, ndipo apovushe. Kwa watu wawili ni sawa, lakini siku walipokuja wazazi wanane baada ya mkutano wa darasa nilirudi kwenye sufuria na tangawizi, na hakuna aliyelalamika. Pampu yake ina kelele ya kuamsha mtoto. Mwenye nyumba ya wageni wengi, au asiyetaka kupima gramu kabla hajaamka vizuri, atafute mashine inayosaga na kutoa yenyewe, akijua kwamba ndani yake kuna bodi na kwamba fundi wangu hataigusa.

Kitu pekee nilichobadilisha kwa uchakavu hadi leo ni gasketi ya mpira inayoziba mpini, kazi ya nusu saa kwa bisibisi moja. Nyingine mbili za akiba ziko kwenye droo ya vijiko, pamoja na bisibisi ya fundi aliyoisahau siku hiyo na ambayo mpaka sasa hajaidai.