Rimu za Toyota IST: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 2002 hadi 2007, utaikuta kila kona ya Dar es Salaam, na wengi wakishainunua kitu cha kwanza kubadilisha ni rimu. Ukifika Kariakoo au Ilala muuzaji atakuonyesha sura ya rimu, jinsi inavyong'aa. Igeuze. Namba zilizo mgongoni ndizo zitakazoamua kama utaendesha kwa raha au utakuwa mgeni wa kudumu gereji.

IST hii hutumia rimu ya nati 4 zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, huandikwa 4x100. Tundu la katikati ni milimita 54.1, nati ni M12x1.5, yaani za boliti nene milimita 12 yenye nyuzi kila milimita 1.5. Vitz ya zamani, Platz, bB na Funcargo wana namba hizo hizo, kwa hiyo unaweza kutafuta rimu kwa upana zaidi. Ila IST ya kizazi cha pili ina nati 5, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hizi ni za IST", muulize ya mwaka gani.

1. Rimu za aloi za kiwandani, mtumba kutoka Japani

Hizi ndizo ninazompendekezea karibu kila mtu. Zilitengenezwa kubeba gari hili, zinakaa kwenye kitovu cha gurudumu bila pete ya kujazia nafasi kwenye tundu la katikati, na inchi 15 inapokea tairi la 185/65R15 (upana milimita 185, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15) ambalo duka lolote linalo. Bei yake huwa chini ya rimu mpya za maana.

Kasoro za mtumba unaweza kuziona mwenyewe. Omba rimu izungushwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, utazame ukingo wa ndani kama unayumba. Pitisha kidole mgongoni kutafuta ufa. Ukiona alama ya kuchomelea, iache, hata kama fundi anaapa kwamba imeshika: aloi iliyochomelewa haina tena nguvu yake ya awali, na ikipasuka itapasuka ukiwa kwenye mwendo. Kama inauzwa na tairi lake, tafuta tarakimu 4 za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu usilihesabu kabisa kwenye bei.

2. Enkei, Rays na wenzao, zilizotumika

Hizi ni rimu za makampuni ya Japani: nyepesi, imara, na mwonekano wa gari hubadilika mara moja. Tafuta alama za JWL na VIA: ya kwanza ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi, ya pili inaonyesha rimu imesajiliwa baada ya kupimwa. Bidhaa bandia zipo, kwa hiyo maandishi mazuri usoni hayatoshi.

Nyingi zina tundu la katikati kubwa kuliko 54.1, mara nyingi 67.1 au 73.1. Nunua pete za kujazia nafasi hiyo siku hiyo hiyo. Bila pete, rimu ikifungwa nje ya kati kidogo tu, usukani hutetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu, na utabalansi matairi mara tano bila kupata dawa.

3. Rimu za chuma na kapu (kifuniko cha nje)

Kwa anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi, hii naipandisha hadi nafasi ya kwanza. Chuma kikigonga shimo hupinda, na fundi hukinyoosha. Aloi huweza kupasuka.

4. Aloi mpya za bei rahisi

Sizikatai zote. Zile zenye matundu 8, yaani 4x100 na 4x114.3 pamoja, zinafaa mradi matundu hayajapanuliwa kwa kutoboa upya. Pima uzito kwenye mizani ya dukani, linganisha na rimu yako ya sasa. Ikizidi sana, shokapu na bushi ndizo zitakazolipa.

5. Inchi 17

Ya mwisho kabisa. Tairi la 185/65R15 lina ukuta wa milimita 120 hivi. Ukienda 205/45R17 unabaki na 92. Milimita 28 za mpira zimeondoka, na ndizo zilizokuwa zikipokea matuta na mashimo badala ya rimu. Ukitaka ukubwa wa kupendeza, ishia inchi 16 na 195/55R16: kipenyo cha gurudumu kinabaki karibu sawa na cha awali, hivyo spidomita haidanganyi.

Chunga pia ET, namba inayoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Kutoka rimu ya 5.5J (upana inchi 5.5) ET45 kwenda 7J ET35, ukingo wa nje unasogea nje milimita 29. Ukipakia watu watano tairi litalamba madigadi.

Siku ya kufunga

Safisha kutu kwenye kitovu kwa brashi ya waya. Anza nati zote kwa mkono, kisha kaza kwa mshazari, si kwa kuzunguka. Toyota hii inataka nati zikazwe kwa nguvu ya 103 Nm, kwa hiyo mwambie fundi amalizie kwa spana ya kupimia. Bunduki ya upepo huweza kukata nyuzi za boliti. Hakikisha mdomo wa nati unalingana na tundu la rimu: nyingi za dukani zinataka nati ya koni.

Kabla ya kulipa, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha pita kwenye tuta gari likiwa limejaa watu. Ukishaendesha kilomita 100 hivi, kaza nati tena. Na kama nati mpya ni nyembamba zenye ufunguo wake maalumu, ufunguo huo ukae kwenye gari pamoja na jeki.