Mapambo ya krismasi Kariakoo kwa nyumba ya kizamani: taa chukua, mti achana nao

Naandika hii kwa wenye nyumba za zamani, nyie wa apatimenti mpya zenye gipsam na taa za rangi kwenye dari mnaweza mkasoma ila haiwahusu sana. Mie naishi fleti ya Upanga, zile za kabla ya uhuru ambazo serikali ilizitaifisha 1971 zikawa chini ya Msajili wa Majumba mpaka shughuli zake zilipohamia NHC, yaani Shirika la Nyumba la Taifa, mwaka 1990, kwahiyo sakafu ni terazo, milango ni mninga mzito, madirisha yana nondo zimekunjwa maua na kule kibarazani kuna ukuta wa matofali ya matundu. Sasa nyumba ya hivi ina urembo wake tayari. Kariakoo wanauza mapambo ya kufunika nyumba, na hii haitaki kufunikwa, inataka uiongezee vitu vitatu vinne halafu uiache.

Kuanzia mwishoni mwa Novemba mtaa wa Kongo na vichochoro vyake unakuta mapambo yananing'inia mpaka usoni, miti ya plastiki, tepe zinazong'aa za dhahabu na bluu, Father Christmas anayecheza kiuno akiwekewa betri. Duka nililonunua mie ni dogo, fremu moja, jamaa anauza jumla na rejareja. Nampa nyota nne, na zote nne ni za taa.

Taa zake ni zile za wom waiti, ya njano njano, waya mwembamba, mita kumi. Hapa ndo muwe makini jamani maana ukisema tu nataka taa nyeupe utapewa ile nyeupe inayokaribia bluu na nyumba ya mninga itakuwa imepauka, mbao zote zinaonekana za kijivu. Angalia kwenye boksi kama kuna namba, 2700K au 3000K ndo yenyewe, ukiona 6500K rudisha. Mara nyingi boksi halina namba yoyote kwahiyo mwambie aichomeke, wote wana ekstensheni pale mezani na hawakatai, huyu wangu alinichomekea tatu bila kununa. Zina kidude cha kubadilisha mtindo, kinawaka kinazima kinakimbia, weka ule wa kutulia basi, zikianza kukimbia sebuleni kwenye kochi la kizamani utadhani baa. Pini zake ni mbili za mviringo, soketi zetu ni za pini tatu bapa, adapta inauzwa pembeni kwa buku buku mbili, nunua ile ngumu maana ile laini inapata moto.

Kuhusu LUKU msiogope. Yangu imeandikwa wati 5 kwa taa mia moja, nikiwasha saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku mwezi mzima haifiki yuniti moja. Zile za zamani za vibalbu vya moto, wenye nazo bado wanazo kwenye maboksi, zinakula kama wati 40 na zinachemka, usizisogeze karibu na karatasi wala pazia. Na kingine, hizi fleti soketi ni chache na waya wa ukutani umri wake unaujua mwenyewe, usiunge ekstensheni juu ya ekstensheni.

Jamaa alinibishia kweli kweli, "anti krismasi ni rangi, hizi za njano ni za harusi." Na kusema ukweli kwa upande wa historia ana hoja, mti wa kwanza kuwashwa taa za umeme, wa Edward Johnson, mwenzake Edison kwenye biashara ya umeme, kule New York mwaka 1882, ulikuwa na balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu. Kwahiyo mtu akitaka rangi kwa kisingizio cha uzamani mwacheni. Mie nimechagua njano kwa sababu ya mbao, sio kwa sababu ya vitabu.

Mipira ya kupambia mti sasa. Zile za zamani zenyewe ni za kioo, zilianzia Lauscha Ujerumani, na Woolworth, mfanyabiashara wa maduka, ndo akaanza kuziuza Marekani 1880, ila Kariakoo mie sijaona za kioo, zote ni plastiki na nyingi zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Chagua zisizong'aa, nyekundu iliyokolea au rangi ya shaba, pakiti ya kumi na mbili kama elfu kumi hivi ukilia bei vizuri. Sita zinatosha kwenye bakuli la mbao juu ya meza, sio lazima zining'inie.

Mti wa plastiki, hapana. Nimeuona, nimeushika, nimeunusa. Ule wa futi sita walianza laki na ishirini, matawi yanapukutika ukiyafungua tu, na ile iliyopuliziwa unga mweupe eti theluji, Dar, Desemba, jasho linakutiririka hata feni ikiwa namba tano. Kuna ndugu yangu aliagiza mmoja mtandaoni, pichani umejaa kama msitu, bodaboda kaleta fimbo ina nywele. Duka silitaji.

Badala yake chukua tawi la mvinje kwa wauza miche na maua wa pembeni ya barabara, mwambie mapema atakuletea. Ndo mti wa krismasi wa pwani huu, wazee wetu walikuwa wanatumia huo huo kabla plastiki haijaingia, majani yake membamba yanalegea yanashuka chini na taa za njano zikipita humo ni balaa. Usiende kukata ufukweni tafadhali, ile mivinje inashika mchanga. Uweke kwenye ndoo ya bati yenye mchanga wenye maji, kila siku ongeza maji kidogo, maana unakauka haraka na ukikauka unamwaga majani sakafuni, terazo inafagilika kirahisi lakini zulia utajuta. Weka kuanzia tarehe 20 hivi, mapema zaidi hautafika sikukuu.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote hakikutoka kwenye duka la mapambo kabisa. Nilivuka nikaenda mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga nikachukua doti moja ya kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya maharusi. Kipande kimoja kitambaa cha meza, kingine nimekizungushia ndoo ya mti. Yaani hiyo ndo rangi ya krismasi yenyewe, na sikukuu ikiisha unajifunga, hakuna cha kutunza kwenye boksi juu ya kabati mpaka mwakani. Chukua ya pamba, na usiiloweke na mashuka meupe, nyekundu yake inatoka mwanzoni.

Mitumba ya Karume pia nenda, wanaofungua mabelo asubuhi mapema ndo wanapata vile vitambaa vya meza vilivyodariziwa kwa mkono, wazungu sijui wanatupa kwanini, nilipata kimoja kina majani ya kijani pembeni kwa elfu tatu. Ukifika saa sita mchana umebakiziwa matandiko ya hoteli. Vile vitambaa vya kufuma vya mama zetu vya kutandika kwenye makochi, ambavyo tuliviona ushamba tukavificha, vitoeni, vifueni, vipigeni wanga. Chemli kama ipo ifuteni kioo na mtumbukize humo taa za betri, mafuta ya taa ndani ya nyumba na joto hili sio poa.

Mwenge kwenye vinyago nilifuata seti ya pango la Bethlehemu ya mpingo, Yosefu, Maria, mtoto, ng'ombe na mbuzi. Kazi nzuri, nyuso zimetulia, bei ya kuanzia laki na nusu nikamaliza chini ya nusu yake. Angalieni lakini, kuna miti mingine inapakwa rangi ya viatu inaitwa mpingo. Geuza chini pale ambapo hawajang'arisha, kwangua kidogo kwa kucha, halafu pima uzito mkononi, mpingo ni mzito mpaka unazama kwenye maji. Muuzaji wa kweli hatakuzuia.

Nyota ya dirishani haijanunuliwa popote. Mama mkwe ni wa Tukuyu, muumini wa kanisa la Moravian, na hawa watu nyota ya karatasi wanaijua, ilianza kwenye shule yao Ujerumani karne ya 19 kama somo la hesabu za maumbo, na ya kwao ile kamili ina ncha 25. Yeye katengeneza ya ncha chache kwa manila nyeupe ya stationari na gundi, kaniambia "mwanangu hizo 25 kazitengeneze wewe mwenye macho." Ndani taa ya LED tu. Ikiwaka usiku yale matofali ya matundu yanatoa kivuli chote ukutani, jirani wa juu, ambaye wala krismasi haimhusu, kashuka kuuliza tumeinunua wapi.

Harufu: machungwa ya Muheza na karafuu. Toboa ganda kwa kijiti cha meno, chomeka karafuu nyingi zikaribiane, funga utepe. Vitabu vya wazungu vinasema uache wiki kadhaa yakauke, kwa unyevu wa Dar yataota ukungu kabla ya wiki, kwahiyo fanya siku mbili tatu kabla ya sikukuu na tarehe 27 tupa.

Kutundika, achana na solotepu, kwenye ukuta wa chokaa na jasho hili la Desemba inabanduka usiku na inaondoka na rangi. Misumari nayo inamega plasta ya zamani vipande vipande. Uzi wa cherehani kwenye nondo za dirisha na kwenye fimbo ya pazia umemaliza kila kitu.

Ukienda Kariakoo nenda kabla ya saa nne asubuhi na sio wiki ya mwisho, shuka na mwendokasi Gerezani utembee, begi liweke mbele. Hela za mkononi zinapunguziwa bei kirahisi kuliko ya simu. Jamaa wa taa ana kasoro moja, risiti mpaka uombe mara mbili, na garantii yake ni "ukifika nyumbani isipowaka rudi anti." Moja ilinizingua nusu yake, nikarudi, akabadilisha bila maneno. Jina la duka naomba nisiliweke hapa, mwaka jana nilimsifia fundi kochi wa Keko kwa watu wachache tu, sasa hivi simu yangu hapokei.