Jembe uma la Kamukunji na glavu za ngozi: vifaa vya kung'olea lantana Karura

Ukijitolea kung'oa lantana, kile kichaka vamizi chenye vimiiba, Karura au kwenye msitu wowote ulio karibu nawe, panga liache nyumbani. Panga linakata tu. Lantana iliyokatwa huchipua kutoka kwenye kisiki, na mvua ikinyesha kichaka hurudi kikiwa kinene kuliko mwanzo. Lazima itoke na mizizi yake, na kifaa cha kazi hiyo ni jembe uma.

Langu nililinunua Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa jua kali, shilingi 850 pamoja na mpini. Meno yamefuliwa kwa chuma cha springi kuukuu za lori, na hadi leo hakuna hata moja lililopinda. Unalipiga nyuma ya shina, si juu yake, halafu unainua mpini polepole mpaka usikie mizizi ikiachia udongo. Siku moja au mbili baada ya mvua, kichaka kinachofika kiunoni hutoka chote kwa mara moja. Mashina makubwa yanataka watu wawili, mmoja akivuta na mwenzake akiinua. Wakati wa kiangazi usijisumbue. Ule udongo mwekundu unakuwa mgumu kama saruji.

Lililoniudhi ni mpini. Fundi alitia mkaratusi mbichi, ulipokauka ukaanza kucheza ndani ya jicho la jembe. Nimeutia kabari, umetulia.

Glavu za kitambaa zenye raba kiganjani hazifai kabisa, kwa sababu vimiiba vya lantana vinapenya. Chukua zile ndefu za ngozi wanazovaa mafundi wa kuchomelea. Zinatoa jasho, na huwezi kushika mche mdogo ukiwa umezivaa, lakini mikono inarudi nyumbani mizima.

Kwa nini nahangaika hivi? Karura ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya Nairobi, uliotengwa rasmi mwaka 1932. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa walipokuja kupanda miti, wakati ardhi hii ilikuwa imeshaanza kugawiwa watu wajenge. Sitaki msitu uliopiganiwa hivyo umezwe na kichaka kilicholetwa kutoka Amerika kiwe ua la bustani. Ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu kila mahali, na chini ya kivuli chake mche wa miti ya asili kama muhugu au mutarakwa hauna nafasi. Watu hupenda siku ya kupanda miti, wapigwe picha na miche. Waje, karibu sana. Ila mche usipopaliliwa misimu ya kwanza, lantana inarudi na kuufunika, na hapo ndipo mikono hukosekana.

Kwa kutunza njia za watembea kwa miguu msituni, jembe uma halitoshi. Kuchimba mfereji wa kuyatoa maji pembeni kabla hayajaila njia kunataka jembe la kawaida na koleo, na kwa kawaida mwenye navyo hakosekani kwenye kundi.

Ukienda Kamukunji, shika mpini ulitikise jembe kabla hujalipa, na uangalie meno yalipoungana na jicho kama kuna ufa. Halafu mwambie fundi akutilie mpini uliokauka vizuri, hata kama ataongeza shilingi hamsini.