TAHADHARI: Wenye mabasi Tanga, msinunue hizi "mashine za tiketi"

Ndugu zangu wenye mabasi na Coaster, hasa mnaopakia stendi ya Kange kwenda Korogwe, Lushoto, Handeni na Horohoro, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna kijana anapita stendi na kwenye magereji akiuza skana za bakodi, vile vifaa vya dukani vinavyosoma mistari myeusi ya kwenye pakiti, kwa jina la "mashine ya tiketi mtandao". Anadai konda akiipiga tiketi mashine ikalia, tiketi ni halali na hesabu ya jioni haitaibiwa tena. Si kweli. Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, na watu aliowauzia wameanza kuniletea mashine hizo.

Uongo uko kwenye mlio. Skana inalia kwa sababu moja tu: imesoma mistari na kupata namba. Haijui kama namba hiyo imelipiwa, imeghushiwa, au imeshapandiwa gari asubuhi. Orodha ya tiketi zilizouzwa hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, na mashine ya kweli huiuliza seva hiyo kupitia laini ya simu, kisha tiketi inafungwa isitumike tena. Bila hivyo, tiketi moja ikipigwa picha na kusambazwa WhatsApp inapandisha watu kumi, na skana inawalilia wote sawasawa.

Mpimeni hapo hapo. Chukueni pakiti yoyote dukani, bidhaa nyingi za hapa nchini bakodi yake huanza na 620, mwambieni aipige. Ikilia na kuwaka kijani vilevile, hicho ni kifaa cha kaunta ya duka. Nilizozifungua mimi, ukizichomeka kwenye kompyuta zinaandika namba kama kibodi, basi. Hazina sehemu ya laini wala programu ya tiketi.

Tena ni za leza. Leza inasoma mistari iliyochapwa kwenye karatasi. QR, ile ya mraba, haiiwezi kabisa, na kwenye kioo cha simu hushindwa mara nyingi. Abiria anayeonyesha tiketi kwenye simu atazuiwa mlangoni na amelipa nauli yake yote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana konda naye ataamini mashine kuliko mtu. Ya kusoma QR ni ile yenye kamera.

Anasema ametumwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Msilichukue neno lake, nendeni ofisini kwao mkaulize mfumo unaokubalika. Mdaini pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Waliomdai waliambiwa italetwa kesho, na namba yake haipatikani tena.

Mliokwisha kununua, msiitupe mashine wala boksi lake. Aliyelipa kwa simu atunze ujumbe wa muamala aende nao polisi mapema. Jana kaonekana upande wa Muheza. Wa huko, ambianeni.