Kinywaji cha mezani kwa anayeandika Tanga: kipi ununue kwanza

Joto la Tanga lina unyevu. Soda iliyotoka kwenye friji huanza kutoa jasho mara tu ikiwekwa mezani, karatasi zinalowa, na kadiri inavyopata joto gesi inatoroka. Kwa mtu anayekaa saa mbili tatu akiandika, swali la kwanza dukani ni hili: kitakuwaje baada ya nusu saa? La pili ni sukari.

Namba moja kwetu ni ukwaju wa kutengeneza mwenyewe. Hauna gesi ya kupotea, na sukari unaipima wewe. Sokoni Mgandini au Ngamiani chagua ukwaju laini unaonata vidoleni; uliokauka ukawa mgumu, wenye matundu ya wadudu au mchanga, uache. Robo kilo yatosha. Ondoa maganda na nyuzi, loweka kwa lita moja na nusu ya maji ya moto kwa nusu saa, vuruga kwa mkono safi, chuja mara mbili. Tia vijiko vinne vya chakula vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Glasi moja itakuwa na gramu nane hivi za sukari uliyotia. Wengi huharibu kwa kuuchemsha pamoja na mbegu na maganda mpaka ukawa mchungu, au kwa kuulaza kwenye sufuria ya alumini, ambayo asidi huila. Weka kwenye chupa ya kioo ndani ya friji na umalize kwa siku tatu. Ukisikia povu na harufu ya pombe, mwaga.

Namba mbili ni soda ya tangawizi ya chupa ya kioo, Stoney Tangawizi kwa mfano. Haina kafeini na ukali wake unakulazimisha kunywa taratibu. Kioo tunakisisitiza kwa sababu plastiki huvujisha gesi kidogo kidogo ikikaa rafuni. Ya plastiki iliyokaa muda mrefu hufunguka bila kishindo. Angalia tarehe, angalia kizibo kama kina kutu, na usichukue chupa iliyoanikwa juani mbele ya duka. Iliyoganda kwenye friza nayo iache, kioo chaweza kupasuka. Ukinunua kreti, peleka kreti yenye chupa tupu 24, la sivyo utalipia na chupa.

Tahadhari moja ya meno: soda ya kunywa taratibu ndiyo inayokaa na asidi na sukari mdomoni muda mrefu zaidi, na ukwaju pia una asidi. Maliza ndani ya nusu saa, sukutua kwa maji, kisha endelea na maji matupu. Usipige mswaki papo hapo.

Dafu ni la tatu, na lingekuwa la kwanza kama lingekubali kusubiri. Litikise: changa limejaa, halichezi, likilia chwaa chwaa limeanza kuwa nazi. Kitamli, aina yenye maji matamu, ni kizuri zaidi. Likatwe mbele yako na unywe hapo hapo, kabla ya kuketi.

Juisi ya machungwa ya Muheza ni ya nne. Usikatae chungwa kwa kuwa la kijani, maana huku usiku hauna baridi ya kuligeuza rangi. Pima uzito wake mkononi. Kamua na unywe, ikikaa inachacha.

Kola tunaiweka ya tano. Kafeini yake ni miligramu 10 hivi kwa mililita 100, kiasi kidogo, lakini sukari ya chupa ya mililita 350 inafika kama vijiko tisa vya chai. Ukitaka kuchangamka, kahawa tungu ya barazani ni bora, na haina sukari.

Ukiandika habari za utotoni, hesabu inabadilika. Hapo nunua soda ya machungwa, Fanta au Mirinda, ile ya sikukuu ya Idd, na usiinywe ya baridi kali. Baridi hupunguza utamu na kufunga harufu, na harufu ndiyo inayofungua kumbukumbu. Iache itoke baridi kidogo, imimine kwenye glasi pana, nusa kwanza, andika, kisha kunywa. Chupa moja, kwa kazi hiyo tu.

Mwisho kabisa ni vinywaji vya nguvu. Vingi vina kafeini ya miligramu 30 hivi kwa mililita 100, mara tatu ya kola. Nusu yake huweza kubaki mwilini saa tano baadaye, kwa hiyo kopo la saa mbili usiku linakula usingizi, na ukurasa wa kesho asubuhi ndio unaolipa. Kama lazima, lisipite saa sita mchana.