Komedia ya barakoa Venezia: walituuzia sauti ya kanda

Natoa nyota moja, na hiyo ni ya dakika tano tu. Nitazieleza.

Dada yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga, msimu wa kanivali, si mwaka huu. Mimi naishi Padova, na Venezia kwa treni haifiki hata saa moja. Nikamwambia, dada, lazima uione commedia dell'arte, ile komedia ya barakoa waliyokuwa wakiicheza viwanjani. Hujui Kiitaliano, haidhuru, utaelewa. Tangazo lao lilisema "ya jadi". Tukalipa yuro 28 kila mtu.

Pantalone, yule mzee tajiri bahili wa komedia hii, alipotoka nikafurahi: nguo nyekundu, joho jeusi, pua iliyopinda kama ndoana, kijifuko cha dukati, pesa za zamani za Venezia, kiunoni. Barakoa ilikuwa ya ngozi halisi, niliiona inavyong'aa kwa jasho kwenye kingo. Hizo barakoa hufinyangwa kwa mkono, ngozi iliyoloweshwa juu ya umbo la mti lililochongwa, na hufunika nusu ya juu tu ya uso. Mdomo huachwa wazi ili mchezaji aseme.

Haikupita robo saa dada akaniinamia sikioni: "Mdogo wangu, mbona midomo haiendani na maneno?"

Nikatazama. Wallahi, ilikuwa kanda! Sauti zote zimerekodiwa, wao wanapanua midomo tu. Arlecchino, yule mtumishi mchekeshaji, alichelewa kufunga mdomo, neno limeshakwisha yeye bado kaachama. Na kwa kuwa barakoa inaishia juu ya mdomo, aibu yote iko nje.

Wengine watasema nakuza mambo. Sikuzi. Sanaa hii haina maandishi ya kukariri. Flaminio Scala, mchezaji wa komedia hii wa zamani, alichapisha visa 50 mwaka 1611, na vyote ni muhtasari tu: nani anaingia, nani anampiga nani, nani anatoka. Maneno wanayatafuta wenyewe jukwaani, usiku ule, kwa watu wale. Hapa hapa Padova, mwaka 1545, wanaume wanane walikwenda kwa mthibitishaji wakaandikishiana mkataba wa kuzunguka pamoja na kugawana mapato, hata farasi wa kubeba mizigo akaandikwa humo. Watu waliishi kwa ndimi zao. Sisi tuliokua tukicheka vichekesho vya ukumbini nyumbani tunajua utamu wa mchezaji anayekujibu hapo hapo. Ukimtilia kanda, umemkata ulimi.

Mzee mmoja safu ya mbele akapiga chafya, chafya ya kutikisa viti. Nilimwona Pantalone akigeuza shingo. Alitaka kujibu, mwili ulishaanza! Lakini sauti ya kanda ikaendelea na safari yake, naye akarudi kuifuata.

Ndipo kanda ikakwama. "Dukati zangu, dukati zangu, dukati za, za, za..." Kimya.

Arlecchino akaganda. Pantalone, mtu mzima yule, akaja mbele polepole. Akajipapasa koo. Akafungua kijifuko, akachungulia ndani. Kisha kwa sauti yake mwenyewe, ya mikwaruzo, kwa lahaja ya Venezia: nimeibiwa sauti! Nilikuwa nimeiweka humu pamoja na pesa! Akamshika Arlecchino, panua mdomo, umeimeza wewe. Arlecchino akajigonga tumbo kwa ule ubao wake wa kupigia, akasikiliza, akatikisa kichwa. Wakaanza kupekua watazamaji mmoja mmoja mpaka Pantalone akamfikia mzee wa chafya, akapiga ukelele: "Huyu! Ilimtoka puani, nilisikia kwa masikio yangu!"

Ukumbi ulilipuka. Dada yangu, asiyejua neno hata moja, alicheka mpaka ushungi ukamtoka, machozi yanamtiririka. Mimi pia nililia, na si kwa kucheka tu. Nikasema moyoni, nimesamehe, nyota tano, nitarudi kesho na watoto.

Halafu kikasikika kitu kimelia nyuma ya pazia, na kanda ikaanza upya, kutoka mwanzo wa onyesho lile lile. "Dukati zangu." Na Pantalone akafunga mdomo, akarudi mahali pake, akaanza kuufungua na kuufumba.

Hilo siwezi kulisamehe. Wangekuwa hawajui kucheza, ningesema basi, masikini. Kumbe wanajua! Wana mtu wa namna ile na wamemziba.

Tulipotoka nikamuuliza mama wa mlangoni kwa nini wanatumia kanda. Hakuinua hata macho kwenye pesa alizokuwa akihesabu. "Bibi, watalii huwa hawatambui."

Dada akauliza amesemaje. Nikamtafsiria. Akasimama pale pale mlangoni, akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno, kwamba yeye ametambua kabla ya mtu yeyote. Yule mama akamwambia asante, usiku mwema.

Msiende. Ila mkisikia kanda yao imeharibika, kimbieni mkakate tiketi.