Njia za mawasiliano kwa jumuiya ndogo ya programu huria Nyanda za Juu Kusini: ipi ishike namba moja?

Jumuiya ndogo ya programu huria, yaani programu ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzitumia na kuzibadilisha, hulipia njia yake ya mawasiliano hata pale inapoambiwa kuwa ni ya bure. Malipo hayo hutoka katika bando la wanachama, katika muda wa wasimamizi, na katika kumbukumbu zinazopotea. Mwongozo huu unapanga njia hizo kwa kuzingatia hali ya Mbeya, Iringa na Njombe, ambako wanachama wengi ni wanafunzi wa vyuo kama MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au Mkwawa cha Iringa, hutumia simu ya Android kuliko kompyuta, na huhama mji mara wanapohitimu. Kwa sababu hiyo kigezo changu kikuu ni kimoja: mwanafunzi anayejiunga mwezi Novemba aweze kusoma mwenyewe kwa nini uamuzi wa mwezi Machi ulifikiwa, bila kumtafuta aliyekwisha kuondoka.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa sehemu ya mijadala iliyo palepale kodi, yaani maandishi yanayounda programu, inapohifadhiwa, iwe kwenye tovuti ya GitHub au GitLab. Kila mada ina anwani yake, injini za utafutaji huiona, na taarifa ya hitilafu huweza kuunganishwa na mabadiliko yaliyoirekebisha. Jambo ambalo wageni wengi wa GitHub hawalijui ni kwamba arifa zake hufika kwa barua pepe na huweza kujibiwa kwa barua pepe hiyohiyo, jibu likaingia lenyewe katika mjadala. Hivyo mwanachama aliye Makete au Ludewa, ambako mtandao unasuasua, huandika jibu lake kwa utulivu na kuliacha liende mtandao utakaporudi. Kasoro ni kwamba GitHub ni mali ya Microsoft tangu mwaka 2018, na mfumo wenyewe si huria. Dawa yake ni kuandika maamuzi makubwa katika faili la maandishi ndani ya mradi, kwa kuwa Git, zana ya kutunza kodi ambayo tovuti hizo zimejengwa juu yake, huweka nakala nzima katika kompyuta ya kila mchangiaji. Faida hiyo si ya nadharia tu: hitilafu ya mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipozorotesha intaneti nchini tarehe 12 Mei 2024, aliyekuwa na nakala ya mradi wake aliweza kuendelea kusoma na kuandika kodi bila kumsubiri mtu.

Hata hivyo watu hawaishi kwa mijadala rasmi pekee. Wanahitaji mahali pa kuulizana na kutaniana. Hapa nafasi ya pili naipa Telegram, na najua nitapingwa, maana WhatsApp imo tayari katika kila simu. Sababu yangu ya kwanza ni historia: msimamizi akiruhusu, mgeni wa Telegram husoma mazungumzo tangu mwanzo, ilhali kwenye WhatsApp anayejiunga leo hawezi kuyasoma yote ya miezi iliyopita. Sababu ya pili ina uzito zaidi kwetu. Katika kundi la WhatsApp namba ya simu ya mwanachama huonekana kwa wenzake, na namba hiyo ndiyo pia akaunti yake ya pesa. Yeyote akijifanya anatuma fedha huonyeshwa jina lililosajiliwa kabla hajathibitisha. Binti wa mwaka wa kwanza aliyekuja kuuliza swali kuhusu lugha ya programu ya Python hana sababu ya kuwapa watu thelathini asiowajua jina lake kamili na namba yake. Telegram humruhusu kuificha namba na kutumia jina la mtumiaji. Ni kweli kwamba mazungumzo ya vikundi vya Telegram hayafichwi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho (unaowawezesha wanakundi pekee kusoma ujumbe) kama ya WhatsApp, lakini jumuiya inayojadili kodi iliyo wazi kwa dunia nzima haina siri nyingi za kulinda.

Ya tatu ni Zulip, programu ya mazungumzo ya vikundi, ambayo kwa ubora wake ingestahili ya pili. Programu yenyewe ni huria, kila ujumbe hubeba mada, na msimamizi anaweza kufungua milango ili hata asiye na akaunti asome. Miradi huria huweza kuomba huduma yake ya mtandaoni bila malipo, na nashauri mfanye hivyo badala ya kuweka seva yenu, yaani kompyuta ya kuiendeshea huduma hiyo, kwa kuwa seva hudai angalau GB 2 za RAM, malipo ya kila mwezi kwa dola, na mtu wa kuisasisha hata wakati wa mitihani. Kinachoishusha ni kwamba wanachama hulazimika kusakinisha programu nyingine kwa ajili ya jumuiya moja tu.

WhatsApp basi inakuwa ya nne: itumike kutangaza siku na mahali pa kikao, basi. Ya tano ni Matrix, itifaki huria (kanuni za kubadilishana ujumbe) iliyoanza mwaka 2014. Mgeni akibadilisha simu bila kuhifadhi funguo zake hushindwa kusoma ujumbe wa zamani uliosimbwa, kwa hiyo vyumba vya wazi viachwe bila usimbaji. Discord, jukwaa la gumzo la maandishi na sauti, ni ya sita. Vyumba vyake vya sauti ni vizuri, ila yanayoandikwa kwenye Discord hayaonekani kwenye injini za utafutaji. Ya saba ni Slack, jukwaa la gumzo la kazini, ambayo tangu Septemba 2022 humwonyesha asiyelipa ujumbe wa siku 90 tu zilizopita, maana yake uamuzi wa Machi hauonekani Novemba. IRC, mfumo wa gumzo la maandishi wa mwaka 1988, hula bando kidogo sana, lakini aliyezima simu hukosa yaliyosemwa wakati huo, kwa hiyo sikuipanga.

Kwa jumuiya nyingi za ukanda huu, namba moja na namba mbili zinatosha. Kila njia iwe na wasimamizi wawili wenye mamlaka sawa, mmoja wao asiwe wa mwaka wa mwisho, na akaunti isajiliwe kwa barua pepe ya mradi badala ya ile ya chuo, ambayo huenda ikafungwa mwenye nayo akishahitimu.